Namna ya Kukipima Chuo cha Jamii cha Uuguzi Marekani Kabla ya Kulipa Ada

Chuo kikitangaza kwamba asilimia 95 ya wahitimu wake wa uuguzi walifaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, uliza kwanza walioanza darasa lile walikuwa wangapi. Chukua mfano wa darasa la watu 40. Wamemaliza kwa wakati 21, wote wakafanya mtihani, 20 wakafaulu. Ishirini kati ya ishirini na mmoja ni asilimia 95, na chuo hakijasema uongo wowote. Ila katika wale 40 waliolipa ada na kupunguza zamu kazini, ni nusu tu waliopata leseni kwa muda waliotarajia. Chuo cha wilaya ya jirani kina ufaulu wa asilimia 88, lakini kimehitimisha 34 kati ya 40, na 30 kati yao wana leseni. Ukisoma tangazo utachagua cha kwanza. Ukipiga hesabu utaenda cha pili.

Mwongozo huu ni wa anayetaka leseni ya RN, yaani ya muuguzi aliyesajiliwa, kupitia kozi ya miaka miwili ya chuo cha jamii (community college), ile inayojulikana kama ADN. Njia hii si ya mkato wala si ya daraja la chini: ilibuniwa na Mildred Montag, majaribio yake yakaanza mwaka 1952, na hadi leo mhitimu wake anafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaofanya mwenye shahada ya miaka minne, na leseni ni ileile. Miaka miwili inayotajwa, hata hivyo, huhesabiwa kuanzia siku unapoingia darasa la uuguzi lenyewe. Masomo ya awali huongeza mwaka mmoja au zaidi mbele yake.

Kama tayari wewe ni muuguzi aliyesajiliwa nyumbani, Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, usikimbilie kuanza upya. Wasiliana kwanza na Bodi ya Uuguzi ya jimbo unaloishi, uulize masharti kwa waliosomea nje. Mara nyingi vyeti hutathminiwa na shirika la CGFNS, ambalo siku hizi linajiita TruMerit, na huenda ukaambiwa unapungukiwa na somo moja au mawili, kwa mfano uuguzi wa wagonjwa wa akili au wa watoto. Kujaza somo moja ni jambo la muhula mmoja.

Kibali, kisha ithibati

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya, na matangazo hupenda uvichanganye.

Cha kwanza ni kibali cha Bodi ya Uuguzi ya jimbo. Bila hicho mhitimu haruhusiwi kufanya NCLEX, na hapo mazungumzo yameisha. Kitafute kwenye tovuti ya Bodi yenyewe, kamwe usitegemee ukurasa wa chuo. Usiishie kuona jina tu. Soma na hali ya kibali. Kuna kibali kamili, kuna cha awali kwa programu mpya ambayo haijatoa wahitimu wa kutosha, na kuna cha masharti au cha uangalizi, ambacho kwa kawaida hutolewa ufaulu ukishuka, mkuu wa programu asipokuwepo, au wakufunzi wakipungua. Kumbukumbu za vikao vya Bodi ziko wazi kwa umma. Andika jina la chuo kwenye sehemu ya kutafuta, usome kilichojadiliwa kwa miaka mitatu iliyopita. Dakika ishirini za kusoma huko zitakuonyesha mambo ambayo mshauri wa udahili hatakugusia.

Cha pili ni ithibati ya chuo kizima, inayotolewa na mashirika kama Higher Learning Commission au SACSCOC. Hii ndiyo inayofungua mlango wa misaada ya fedha ya serikali kuu, na ndiyo inayofanya krediti zako zikubalike ukihamia chuo kikuu.

Cha tatu ni ithibati ya programu ya uuguzi. Kwa kozi za miaka miwili tafuta ithibati ya shirika la ACEN au CNEA. Shirika la CCNE hutoa ithibati kwa shahada ya kwanza na kupanda juu; kozi ya ADN ikijinadi kwa jina la CCNE, mtu kakosea au anakukosesha. Ithibati hii si lazima kila mahali. Vyuo vingi vizuri vya California vina kibali cha Bodi peke yake. Lakini ukiikosa, baadhi ya vyuo vikuu vitakataa kukuendeleza, na hospitali za wanajeshi wastaafu zilizo chini ya VA huwa zinaidai.

Usidhani suala la kibali ni la makaratasi tu. Januari 2023 serikali kuu ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika operesheni iliyoitwa Nightingale: diploma zaidi ya 7,600 za uuguzi zilikuwa zimeuzwa kupitia shule tatu za binafsi za Florida. Walionunua wengi walikuwa wahamiaji waliokwisha kufanya kazi za CNA (msaidizi wa muuguzi) au LPN (muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN). Leseni zilifutwa majimbo kadhaa. Chuo cha jamii cha serikali hakikuwemo, lakini somo kwa mtafutaji ni kwamba anayekuahidi RN kwa miezi michache, bila zamu za hospitalini, anakuuzia karatasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: chuo cha jamii chenye wauguzi wazuri kwa kawaida kina waombaji wengi kuliko nafasi, na hakina haja ya kukupigia simu mara tatu kwa wiki.

Kupiga hesabu yenyewe

Bodi nyingi huchapisha ufaulu wa NCLEX kwa kila chuo, mwaka kwa mwaka. Chukua miaka mitano, uandike kwenye karatasi, na pembeni ya kila mwaka uweke wastani wa taifa kwa waliosomea Marekani na kufanya mtihani mara ya kwanza. Mwaka 2022 wastani huo ulikuwa karibu asilimia 80. Aprili 2023 mtihani ulibadilishwa muundo, na mwaka huo wastani ukafika kama asilimia 88.5, mwaka 2024 ukavuka 91. Kwa hiyo chuo chenye asilimia 85 kilikuwa juu ya wenzake mwaka 2022 na chini yao mwaka 2024. Namba ya mwaka mmoja bila wastani pembeni yake haikuambii kitu.

Angalia pia idadi ya watahiniwa. Darasa la watu 12, mmoja akianguka, ufaulu umeshuka kwa pointi 8 hivi. Kwa madarasa madogo jumlisha miaka mitatu ndipo ugawe.

Majimbo yana viwango vyao vya chini. Texas ni asilimia 80, California 75, na Florida hupima umbali kutoka wastani wa taifa: chuo kisiwe zaidi ya pointi 10 chini yake. Kuvuka kiwango hicho ni kukwepa adhabu tu. Chuo ambacho kila mwaka kinapita kwa pointi moja kina tatizo ambalo hakijalitibu.

Sasa nusu ya pili, ambayo wengi huiruka: wanaomaliza. Programu nyingi zenye ithibati ya ACEN huweka hadharani matokeo yake, pamoja na kiwango cha wanaomaliza na cha wanaopata kazi. Soma maelezo madogo chini ya jedwali. Kuna wanaohesabu waliomaliza kwa muda uliopangwa, na kuna wanaohesabu waliomaliza ndani ya muda huo na nusu yake juu, yaani mihula sita kwa kozi ya mihula minne. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaweza kuwa kubwa. Angalia pia hesabu imeanzia wapi. Vipo vyuo vinavyoanza kuhesabu baada ya wiki za kuongeza na kuacha masomo kupita, kwa hiyo waliokimbia mapema hawaonekani.

Usitumie kiwango cha wanaomaliza kinachoonekana kwenye College Navigator au College Scorecard, tovuti za serikali kuu za kulinganisha vyuo, kwa kazi hii. Kile ni cha chuo kizima, na kinachanganya mafundi magari, wahasibu na wauguzi.

Namba zisipokuwepo, andika barua pepe kwa idara ya uuguzi, fupi, yenye maswali ambayo jibu lake ni tarakimu: Katika darasa lililoingia muhula wa vuli miaka mitatu iliyopita, waliingia wangapi? Wangapi walihitimu kwa wakati? Wangapi walirudia somo? Wangapi waliofanya NCLEX walifaulu mara ya kwanza? Kisha gawa waliofaulu kwa walioingia. Ikifika asilimia 70 na zaidi, hiyo ni programu inayobeba watu wake. Ikiwa chini ya 50, tafuta sababu kabla hujaendelea. Idara ikijibu kwa aya tatu zisizo na tarakimu hata moja, nalo ni jibu.

Wanaangukia wapi

Sababu ziko ndani ya kitabu cha mwongozo wa mwanafunzi wa uuguzi, ambacho ni tofauti na mwongozo wa chuo kizima. Kwa kawaida kipo mtandaoni. Kisome chote.

Tafuta alama ya kufaulu. Kwenye uuguzi 60 haitoshi; programu nyingi huweka kati ya 75 na 80, na hazikuzi desimali. Alama ya kupita ikiwa 77, mwenye 76.8 amefeli na anarudia muhula. Halafu uone kama wastani wa mitihani unahesabiwa peke yake kwanza. Kwenye mpango huo kazi za nyumbani na mawasilisho havimwokoi mtu, hata vikiwa na alama kamili. Tafuta pia sheria ya kufeli mara mbili: sehemu nyingi ukifeli masomo mawili ya uuguzi unaondolewa. Kurudi kunategemea nafasi, na nafasi huenda isipatikane kwa mwaka mzima.

Mtihani wa hesabu za dozi una mlango wake peke yake. Kiwango cha kupita huwa 90 au hata 100, majaribio mawili au matatu, ukishindwa hugusi dawa wodini na muhula umekwisha. Hesabu zenyewe si ngumu. Daktari ameandika amoksilini miligramu 250, chupa ina miligramu 400 katika mililita 5: gawa 250 kwa 400, zidisha kwa 5, unapata 3.125, unaandika 3.1 ml. Watu huanguka kwenye uandishi. Ukiandika .5 badala ya 0.5, au 5.0 badala ya 5, umekosa, kwa sababu nukta ikififia mgonjwa anapewa dozi mara kumi. Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura amezoea kuweka mkato mahali pa nukta, na 3,1 yake itahesabiwa kosa. Anza kujizoeza mapema.

Kisha kuna mtihani wa kutokea, wa ATI au HESI, unaokisia kama utafaulu NCLEX. Uliza swali moja: nisipofikia alama inayotakiwa, nini kinatokea? Chuo kizuri kitakupa wiki za marudio na mkufunzi wa kukusaidia, kisha kikuruhusu uhitimu. Kingine kitakuzuia usihitimu mpaka uipate, hata kama masomo yote umefaulu. Hapo ndipo asilimia 95 nyingi zinapotengenezwa: anayeonekana dhaifu hafiki kwenye mtihani wa leseni, kwa hiyo haingii kwenye hesabu.

Zamu za hospitalini

Darasani unafundishwa, wodini unakuwa muuguzi. Uliza saa ngapi kwa kila eneo: wagonjwa wa ndani na wa upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili. California inataka kwa sheria saa zisizopungua 500 za kumhudumia mgonjwa ana kwa ana, na kila eneo lipate walau saa 30. Majimbo mengine yameacha uhuru zaidi, na hapo ndipo pa kuchunguza.

Saa za maabara ya simulesheni, kwenye manikini anayepumua na kukohoa, zina thamani yake. Utafiti mkubwa wa NCSBN, shirika linaloendesha NCLEX, ulionyesha mwaka 2014 kwamba hadi nusu ya saa za hospitalini zinaweza kubadilishwa kwa simulesheni nzuri bila matokeo kuharibika. Neno la kuzingatia ni nzuri: mkufunzi aliyefunzwa kwa kazi hiyo, vikundi vidogo, na mjadala baada ya zoezi. Wanafunzi kumi wakimzunguka manikini mmoja huku wawili wakifanya na wanane wakitazama, hizo ni saa za kutazama.

Wodi za watoto na za uzazi ni chache, na vyuo vinagombania nafasi. Usikubali orodha ya "hospitali washirika." Omba orodha ya mahali darasa la muhula uliopita lilipokwenda hasa. Ukikuta uzazi ulifanyika kliniki ya nje ambako hakuna anayejifungua, na watoto walionwa shule ya chekechea, umejua.

Uwiano wa wanafunzi kwa mkufunzi wodini: Texas, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya kumi kwa mmoja mkufunzi akiwa peke yake. Kumi ni wengi. Mkufunzi anatakiwa asimame pembeni yako unapotoa dawa, na akiwa na kumi utasubiri foleni hadi saa ya dawa ipite. Nane ni afadhali, sita ni raha.

Halafu usafiri. Zamu nyingi huanza saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na basi la kwanza huenda halijatoka. Hospitali inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na inabadilika kila muhula. Anayefanya kazi ya usiku kama CNA akitoka saa moja asubuhi hawezi kuwa wodini saa hiyohiyo, na programu nyingi huruhusu kukosa siku moja au mbili tu kwa muhula. Uliza kama kuna mkondo wa jioni na wikiendi, na kama unaanza kila mwaka au mwaka mmoja ndiyo, mwingine hapana.

Mlango wa kuingilia

Watu wengi hukaa chuoni miaka miwili wakidhani wanasoma uuguzi, kumbe wapo kwenye masomo ya awali. Kuandikishwa kama mwanafunzi wa awali wa uuguzi hakukupi nafasi kwenye programu. Unaomba tena, unashindanishwa. Uliza waombaji waliotimiza masharti mwaka jana walikuwa wangapi na nafasi ngapi. Uliza pia wanachagua vipi: kwa pointi, kwa foleni, au kwa bahati nasibu. Kila njia inakutaka mkakati wake. Kwenye pointi, C ya anatomia inakugharimu na huenda ikafaa kurudia somo kama chuo kinaruhusu. Kwenye foleni, omba siku ya kwanza unapotimiza masharti. Kwenye bahati nasibu, omba vyuo vitatu kwa mpigo.

Masomo ya awali huwa ni anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia ya ukuaji, na takwimu au hesabu. Ya sayansi huisha muda, aghalabu baada ya miaka mitano au saba. Anayesoma somo moja kwa muhula huku akilea watoto anaweza kujikuta anatomia imekwisha muda kabla hajaimaliza mikrobiolojia. Panga sayansi ziwe za mwisho na zikaribiane. Krediti za nyumbani zikitathminiwa na WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, zinaweza kukusaidia kwa Kiingereza au saikolojia, lakini sayansi za nje vyuo vingi havizipokei. Pata jibu la maandishi kabla ya kulipia tathmini.

Mtihani wa kuingia ukiwa TEAS, ni maswali 170 kwa dakika 209: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Linganisha alama ya chini iliyoandikwa na wastani wa waliochukuliwa. Ya pili ndiyo unayoshindana nayo.

Fedha, na kovu la BCG

Ada ya mkazi wa wilaya ya chuo ni ndogo sana kuliko ya mgeni, kwa hiyo hakikisha wanavyohesabu ukazi. Juu ya ada ongeza skrabu, stetoskopu, vitabu, vifurushi vya ATI au HESI vinavyolipiwa kila muhula, ukaguzi wa rekodi za polisi, kipimo cha dawa za kulevya, chanjo, kadi ya huduma ya kwanza ya moyo, na mwishoni dola 200 za NCLEX bila kuhesabu ada ya jimbo. Omba karatasi ya gharama zote kwa muhula. Chuo kisicho nayo hakijapanga.

Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, kwa mwaka wa masomo 2025–26 iliwekwa kufika dola 7,395, na ina kikomo cha maisha cha mihula 12 ya kusoma kwa muda wote. Kila somo la awali lisilohitajika linakula kikomo hicho.

Kuhusu kifua kikuu: ukiwa na kovu la BCG mkononi, kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha una maambukizi ilhali huna. Utapelekwa kupiga eksirei, na zamu zitaanza bila wewe. Omba kipimo cha damu cha IGRA tangu mwanzo. CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, yenyewe inakipendelea kwa waliochanjwa BCG.

Kabla ya kusaini

Nenda chuoni siku ya wiki, ukutane na wanafunzi wa muhula wa tatu wakitoka maabara. Waulize darasa lao lilianza na wangapi, na mkuu wa programu amebadilika mara ngapi tangu waingie. Wakuu wawili ndani ya miaka miwili ni dalili mbaya kuliko jengo chakavu.

Ulizia pia kama chuo kina mkataba na chuo kikuu wa kuunganisha ADN na shahada ya kwanza. Hospitali nyingi kubwa humpa kipaumbele mwenye shahada, na New York, kwa sheria ya mwaka 2017, inawataka RN wapya waipate ndani ya miaka 10.

Ukishakubali nafasi, pakua mwongozo wa mwanafunzi wa mwaka unaoingia na katalogi yake, uhifadhi kwenye simu na barua pepe yako. Sheria za alama hubadilishwa katikati ya safari, na siku utakapokata rufaa utaulizwa uliingia chini ya mwongozo upi.